Waya, pamba na ushuru: atomaiza ya kujitengenezea Meru na Embu

Sigara ya kielektroniki, ukiifungua, ni kitu kidogo kuliko kelele zinazoizunguka. Ndani mna betri, kipande cha waya kilichozungushwa mizunguko michache, na pamba iliyopitishwa katikati ya mizunguko hiyo. Umeme ukipita, waya unapata moto. Pamba ikiwa imelowa juisi, juisi inageuka mvuke na mtu anavuta. Mashine nzima ni hiyo. Wengi wanaovuta veipu mjini Meru au Embu hawajawahi kuiona pamba hiyo wala kuugusa waya, kwa sababu zile wanazonunua zimefungwa kiwandani. Zinavutwa hadi ziishe, kisha zinatupwa.

Iko aina nyingine. Atomaiza ya kujitengenezea ni sakafu ya chuma yenye nguzo mbili au nne, skrubu ndogo na kifuniko. Waya na pamba unaweka mwenyewe, na vikichoka unavitoa na kuweka vingine. Kwa eneo linaloishi kwa kukarabati, kuanzia pasi hadi pikipiki, ungetarajia aina hii ndiyo itawale. Haitawali. Inayotembea ni ile ya kutupa. Nikitazama suala hili lote, naona mkono wa fundi wetu uko tayari kabisa kwa kazi hii. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima, na juu ya hilo kuna ushuru wa serikali ambao, pengine bila kukusudia, unambeba anayetupa na kumwumiza anayetengeneza.

Nianze na utambi, maana ndio unaoharibu kazi za wengi. Yeyote aliyekulia Mbeere au Tharaka kabla ya stima kufika anaijua koroboi: kopo la bati, mafuta ya taa, na uzi wa pamba au kitambaa kilichopenyezwa kwenye bomba jembamba. Ukiukaza utambi mno ndani ya bomba, mafuta hayapandi, mwali unakula kitambaa chenyewe na nyumba inajaa harufu ya kuungua. Ukiutoa nje mno, moshi mweusi unapanda hadi kwenye mabati. Atomaiza inafuata kanuni hiyohiyo, ila katika nafasi ya milimita tatu. Nyuzi za pamba zina mianya myembamba, na kioevu hujipandia humo bila kusukumwa. Lakini kasi ya kupanda ina kikomo. Koili ikikausha pamba haraka kuliko juisi inavyoweza kurudi, pamba inaungua, na mvutaji anajua papo hapo: koo linakwaruza na ladha ya kitambaa kilichoungua inakataa kutoka mdomoni.

Juisi ni mchanganyiko wa propilini glikoli na gliserini ya mimea, pamoja na ladha na nikotini. Glikoli ni nyepesi na huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi. Gliserini ni nzito, na huchemka kwenye 290. Wapenzi wa mawingu makubwa hutaka gliserini asilimia 70 au zaidi. Hapo hali ya hewa ya kwetu inaingia kati. Asubuhi ya Julai huko Timau, baridi ya Mlima Kenya inaposhuka mashambani, gliserini inakuwa nzito zaidi na kupanda utambini kwa uvivu. Juisi hiyohiyo ikipelekwa Siakago au Ishiara, kwenye joto la Mbeere, inapita upesi hata ikavujia kwenye matundu ya hewa. Fundi atakayefunga pamba kwa namna moja kwa mteja wa Timau na mteja wa Siakago atapata malalamiko ya aina mbili, na wateja wote wawili watakuwa na haki.

Sasa kazi yenyewe. Unachukua biti ya drili ya milimita 3 na kuizungushia waya mara saba, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Waya unaotumika sana ni Kanthal, aloi ya chuma, kromiamu na alumini, wenye unene wa karibu nusu milimita. Miguu miwili ya koili inaingia kwenye matundu ya nguzo, skrubu zinakazwa, na koili inakaa juu kidogo ya tundu la hewa bila kugusa sakafu. Mabaki ya waya yanakatwa hadi usawa wa skrubu kwa kikata kucha. Usipuuze hatua hiyo: ncha ya waya iliyobaki nje kiasi cha punje ya ulezi inatosha kugusa kifuniko na kufanya shoti.

Kabla ya pamba, koili huwashwa ikiwa kavu. Bonyeza kidogo, achia, bonyeza tena. Koili iliyokaa vizuri huanza kuwa nyekundu katikati, kisha wekundu unaenea kwenda pande zote mbili kwa usawa. Ikiwa mzunguko mmoja unawaka mweupe wakati mingine bado myeusi, au mguu mmoja unawaka kabla ya mwili, hapo kuna tatizo. Ama skrubu imelegea, ama mizunguko haigusani sawasawa. Unapitisha kibanio cha kauri juu ya koili kwa upole, unaibana, unaiwasha tena. Kwa kila kuwashwa, alumini iliyo ndani ya Kanthal hushikana na oksijeni na kutengeneza ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia umeme kuruka kutoka mzunguko hadi mzunguko, kwa hiyo ile dakika ya kuwasha na kubana si mbwembwe za mafundi wa YouTube. Bila hiyo koili inayogusana ingekuwa donge la shoti ndogondogo.

Pamba nayo ina mtihani wake. Inapitishwa ikiwa kavu, koili ikiwa imepoa, na inapaswa kusugua kidogo ndani ya koili bila kuisogeza. Ikipita bila kusugua, waya utakuwa na sehemu zisizogusa kilicholowa na zitaungua. Ikibidi uivute kwa nguvu, umeifunga mianya ambayo juisi ilikuwa ipite. Mikia ya pamba inakatwa iwe na urefu wa kufika chini ya kisima cha juisi tu, inachambuliwa kwa ncha ya sindano ili ilegee, kisha inasukumwa mahali pake bila kuziba hewa. Unadondosha juisi mpaka pamba yote ibadilike rangi, unawasha kidogo bila kuvuta, unadondosha tena. Wanaoruka hatua hii ndio wanaokuja kusema kwamba pamba ilikuwa mbovu.

Hakuna chochote hapo kinachomshinda fundi aliyezoea kurudishia nyaya mota ya pampu ya maji. Kinachoweza kumshinda ni swali la waya umetoka wapi.

Kanthal ni ugunduzi wa Msweden Hans von Kantzow, aliyeanzisha kampuni ya jina hilo mjini Hallstahammar mwaka 1931. Nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu, ni ya Mmarekani Albert Marsh, miaka 25 hivi kabla ya hapo. Aloi zote mbili zilikusudiwa majiko, pasi na matanuri, na hadi leo ziko kila mahali. Lile jiko la umeme la koili ya wazi linalouzwa kwenye maduka ya vyombo, lenye waya uliolazwa kwenye mifereji ya udongo mgumu, lina jamaa ya waya huohuo, na spairi zake hupatikana bila shida. Kwa hiyo kishawishi cha kuchukua waya wa jiko na kuufanya koili ya veipu kipo, nao ni waya unaostahimili moto kweli. Tatizo ni kwamba spairi haiji na maelezo. Inakuja na idadi ya wati, kwa mfano 1,000, wala haikwambii aloi ni ipi.

Mafundi wana jaribio la sumaku, na si baya: Kanthal hushikwa na sumaku ikiwa ya baridi, nikromu ya kawaida haishikwi. Sumaku ya spika mbovu inatosha kwa kazi hiyo. Lakini waya wa kufungia ua nao hushikwa na sumaku, na huo umepakwa zinki. Zinki ikichomwa hadi itoe mafusho na mafusho yakavutwa, mtu hupata homa, kutetemeka na maumivu ya mwili saa chache baadaye, ugonjwa ambao wachomeleaji wa mabati wanaujua vizuri. Sumaku basi inaondoa nikromu kwenye orodha, haikuthibitishii Kanthal. Uthibitisho unatoka kwenye multimita. Waya wa Kanthal wa nusu milimita una ukinzani wa karibu omu 7 kwa mita moja. Chuma cha kawaida cha unene huohuo hakifiki hata omu 1. Pima nusu mita na utajua kama unadanganywa. Wenye multimita mjini ni wengi. Wanaoitumia kabla ya kuamini rangi ya waya ni wachache.

Tukae kwenye hesabu hiyohiyo, kwa maana ndipo hatari kubwa ilipo. Mizunguko saba juu ya biti ya milimita 3, pamoja na sentimita moja ya miguu, inakula karibu milimita 87 za waya, na hiyo ni omu 0.6. Betri ya lithiamu aina ya 18650 iliyojaa hutoa volti 4.2. Gawanya: ampea 7, wati 29. Weka koili mbili sambamba na ukinzani unashuka hadi 0.3, ampea zinapanda hadi 14. Mwenye tamaa ya mawingu atapunguza mizunguko, aongeze unene wa waya, afike omu 0.15, na hapo anadai ampea 28 kutoka kwenye betri moja.

Betri ipi? Seli za 18650 zinazopatikana kirahisi kwa mafundi ni zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa, na nyingi zinaishia kwenye tochi na redio. Kwa tochi zinafaa. Seli ya laptopu iliundwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, ampea tano hivi, na ikilazimishwa kutoa mara tano ya hapo inachemka kwa ndani. Kifaa chenye saketi ya kudhibiti kitakataa kuwaka kikiona ukinzani mdogo mno. Kifaa cha kimakanika, yaani bomba la chuma lenye kitufe na betri tu, hakikatai chochote. Mei 2018, mjini St. Petersburg, Florida, kifaa cha namna hiyo kililipuka na kumwua mwenyewe nyumbani kwake. Januari 2019 mwingine alikufa Fort Worth, Texas, baada ya sigara yake ya kielektroniki kulipuka na kipande chake kukata mshipa wa shingo. Wao walikuwa na maduka ya kununua betri mpya zenye maelezo. Bomba la kimakanika pamoja na seli ya laptopu ni mchanganyiko ambao ningemkataza mtu hata kama anajua kufunga pamba kuliko wote.

Afya ya mapafu ni mjadala mpana zaidi, na hapa watu hupenda kuchagua upande kabla ya kusikiliza. Januari 2015 watafiti wa Portland State University walichapisha barua katika New England Journal of Medicine wakisema kwamba kifaa kikiwekwa volti 5.0 mvuke hubeba formaldehaidi nyingi, ilhali kwenye volti 3.3 hawakuipata. Magazeti yaliichukua sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Mwaka huohuo Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo wa Ugiriki, aliwapa wavutaji vifaa vyenye moto wa kupita kiasi na kupima. Sumu ilipanda sana pale ambapo pamba ilikuwa imekauka, na pale ambapo wavutaji wenyewe walisema hapavutiki. Kwa maoni yangu, wote wawili walikuwa wanasema habari ya utambi. Moto ukizidi juisi, gliserini na glikoli zinavunjika na kuwa formaldehaidi na akrolini. Juisi ikiwahi, hazivunjiki kwa kiasi hicho. Mvutaji mwenye ujuzi anaikimbia pumzi kavu. Ila ipo ile hali ya katikati, pamba nusu kavu yenye ladha kali ya embe inayofunika harufu ya kuungua, na sioni ulimi wa nani utakaoipima hiyo.

Jambo la pili linawahusu wajenzi wa koili moja kwa moja. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya wavutaji 56 wa kila siku, na wakakuta kwamba juisi iliyo kwenye chupa ina metali kidogo, lakini ikishapita kwenye koili inabeba kromiamu, nikeli, manganizi na risasi, baadhi kwa viwango vya kutia wasiwasi. Na wale waliokuwa wakibadilisha koili mara nyingi ndio walioelekea kuwa na metali nyingi zaidi mvukeni. Fundi anayejisifu kwamba anaweka waya mpya kila Jumamosi kwa ajili ya usafi amepata ladha safi. Metali ni habari nyingine, maana huenda waya mpya huachia zaidi. Kuwasha koili ikiwa kavu na kuisuuza kabla ya kuweka pamba ni tabia nzuri, lakini sitaiita tiba.

Halafu kuna vya kuwekwa kwenye pamba. Marekani, kufikia Februari 2020, ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na veipu, 68 kati yao wakiwa wamekufa, na mkosaji mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi. Mafuta si juisi. Hayageuki mvuke safi, na mapafu hayana njia nyepesi ya kuyatoa. Kwenye mji ambao kila mtu ana binamu mwenye wazo la kuchuja jani fulani na kulidondosha kwenye koili, neno hilo linafaa kusemwa wazi. Majani ya kutafuna ya miraa na muguka, kwa bahati, hayakubali ujanja huo kirahisi: kathinoni, kichangamshi kilichomo, huvunjika jani likikauka, na ndiyo sababu magari ya kubeba miraa kutoka Maua huendeshwa kana kwamba yanakimbiza ambulansi.

Pesa. Hapa ndipo nilipotarajia aliyejitengenezea ashinde. Waya wa koili moja ni sentimita tisa na pamba yake ni kipande cha urefu wa kidole, gharama ambayo haifiki bei ya chai. Lakini serikali haitozi waya. Sheria ya fedha ya mwaka 2022 iliweka ushuru wa shilingi 70 kwa kila mililita ya nikotini ya majimaji ya sigara za kielektroniki, na marekebisho ya Desemba 2024 yakaupandisha hadi shilingi 100. Kinachohesabiwa ni mililita. Nguvu ya nikotini iliyomo haihesabiwi.

Sasa chukua wavutaji watatu wanaotaka nikotini ileile, tuseme miligramu 30 za kwenye juisi kwa siku. Wa kwanza ana atomaiza ya mawingu yenye koili mbili na anavuta juisi hafifu ya miligramu 3 kwa mililita, kwa sababu kali zaidi ya hapo ingemkaba. Anamaliza mililita 10. Wa pili ana tanki dogo la kujitengenezea, koili moja ya omu 1.2, anavuta taratibu kama sigara, juisi ya miligramu 10. Anamaliza mililita 3. Wa tatu ana ile ya kutupa yenye chumvi ya nikotini ya miligramu 50, na kwake mililita 0.6 zinatosha. Ushuru wa siku ni shilingi 1,000 kwa wa kwanza, 300 kwa wa pili, 60 kwa wa tatu. Juisi kali kupita zote, katika kifaa kisichokarabatika, ndiyo iliyotozwa kidogo kupita zote. Aliyeandika kiwango hicho sidhani kama alikusudia kumsukuma kijana kwenye nikotini ya miligramu 50, lakini hesabu haijali nia. Ushuru ungehesabiwa kwa miligramu ya nikotini, wote watatu wangelipa sawa na fundi wa koili angekuwa na la kuuza. Bila shaka zipo bidhaa zinazofika Meru bila kupitia kwa mtoza ushuru yeyote. Hizo nazo ni rahisi zaidi kuwa za kutupa, kwa sababu zinaingia mfukoni na hazihitaji chupa.

Siasa za majani na nikotini katika eneo hili zinastahili makala yake, nitazipita haraka. Nyanda za chini za Embu na Meru zimelima tumbaku ya mkataba kwa miaka mingi, na Mastermind, kampuni ya Kenya iliyothubutu kushindana na kampuni kubwa ya sigara ya BAT, ilianzishwa na Wilfred Murungi, mtu wa Meru. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hizo, na Rais Ruto akasema hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya kitaifa. Jani lenye mkulima lina wakili, lina gavana na lina mahakama ya karibu. Koili haina mkulima. Ikipigwa marufuku kesho, hakuna barabara itakayofungwa kwa mawe Kiritiri.

Na marufuku si jambo la kufikirika. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 chini ya Waziri wa Afya Cleopa Mailu. Vifuko vya nikotini vya Lyft vilisajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, kisha mwaka 2020 Waziri Mutahi Kagwe akasema usajili huo haukufuata sheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 iliandikwa macho yakiwa kwenye sigara na pakiti, na mswada wa marekebisho wa mwaka 2024 ulioletwa na Seneta Catherine Mumma unataka kuziingiza sigara za kielektroniki na vifuko ndani yake. Ni sawa. Kuwauzia walio chini ya miaka 18 hakuna mtetezi. Lakini mijadala ya namna hii huzunguka ladha, matangazo na onyo la kwenye pakiti, mambo ya bidhaa iliyofungwa. Kwa mtu anayenunua waya kwa mita na betri kwa kupima uzito, hakuna pakiti ya kubandikwa onyo. Kinachomlinda ni mtu aliyemfundisha kuipima omu, na vyuo vya kufundisha hilo viko papo hapo: mwanafunzi wa umeme wa Meru National Polytechnic anajua sheria ya Ohm muhula wa kwanza.

Mteja wa kweli wa atomaiza ya kujitengenezea, nionavyo, si kijana wa mawingu. Ni mvutaji sugu wa sigara aliyepita miaka 40, mwenye subira na mkono mtulivu, ambaye angeweza kuachana na moshi wa kuchoma kwa kutumia kifaa cha yule wa pili niliyemtaja: koili moja, omu 1.2, wati chini ya 15, pamba isiyokauka. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la England lilikadiria kwamba mvuke una madhara pungufu kwa karibu asilimia 95 kuliko sigara. Tarakimu hiyo ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu na imepingwa sana, nami sitaapa kwayo, ila kwamba kuchoma tumbaku ni kubaya zaidi sioni anayelipinga kwa dhati. Sasa mpigie hesabu mtu huyo. Sigara zinatozwa shilingi 4,100 kwa kila 1,000 tangu Desemba 2024, kwa hiyo pakiti yake ya 20 kwa siku inabeba ushuru wa shilingi 82. Akihamia kwenye tanki lake la kujitengenezea, mililita tatu, ushuru wa siku unakuwa 300. Ujuzi wake wote wa waya na pamba unamwokolea bei ya chai, na chupa ya juisi inamtoza karibu mara nne ya pakiti aliyoiacha.